Fuata jiwe: mwongozo kamili wa safari ya meli Aswan hadi Luxor

Meli za kitalii za Misri ya kusini hupita njia moja: kati ya Luxor na Aswan, kiasi cha kilomita 215, zikisimama Esna, Edfu na Kom Ombo. Wanaoanzia Luxor hupewa siku 5 na usiku 4. Wanaoanzia Aswan, siku 4 na usiku 3. Mawakala wengi watakusukuma kwenye ile ndefu. Mimi nakushauri uanzie Aswan, ujazie siku zako nchi kavu mwanzoni na mwishoni, na mwongozo huu wote umepangwa hivyo.

Sababu ni jiwe. Granaiti ya minara ya jiwe moja yenye ncha (obeliski) na ya sanamu za Luxor ilichongwa Aswan, ikapakiwa kwenye vyombo na kuteremka na mkondo, maana Naili hutoka kusini kwenda kaskazini. Jiwe la mchanga lililojenga Karnak, hekalu kuu la Luxor, nalo lilitoka kusini, kwenye machimbo yaliyo kati ya Kom Ombo na Edfu. Ukianzia Aswan unaona kitu kikizaliwa mwambani, halafu unakikuta kimesimama. Tena ukianza na Karnak, kila hekalu litakalofuata litaonekana dogo, na hayo mengine hayastahili kudharauliwa.

Hatua ya 1: Panga msimu

Nenda kati ya Oktoba na Aprili. Kuanzia Juni hadi Agosti joto la Aswan hupita nyuzi 40, na Bonde la Wafalme, penye makaburi ya mafarao huko Luxor, halina kivuli. Desemba na Januari hali ya hewa ni nzuri, ila watu ni wengi, bei hupanda, na alfajiri juu ya sitaha kuna baridi ya kweli, beba sweta. Machi na Aprili huweza kuja upepo wa khamasini wenye vumbi. Nikiulizwa nichague, nitasema mwanzo wa Novemba au mwisho wa Februari. Ukienda Ramadhani, uliza saa za kufungua na kufunga, kwa sababu hupunguzwa.

Hatua ya 2: Chagua chombo

Kuna meli kubwa za injini, zenye ghorofa kadhaa na bwawa dogo juu ya sitaha, na kuna dahabiya, jahazi la matanga mawili lenye vyumba vichache, linalokokotwa na boti ndogo upepo ukikosekana. Dahabiya ni ghali zaidi na hutumia siku nyingi, lakini hutia nanga mahali ambapo meli kubwa hazisimami, kama makaburi ya El Kab na machimbo ya Gebel el-Silsila. Nyingi husafiri kati ya Esna na Aswan tu. Mwenye muda na fedha asisite. Wengine tutapanda meli kubwa, na hakuna tunachokosa katika mahekalu yenyewe.

Kabla ya kulipa uliza mambo haya. Chumba kiko ghorofa ya ngapi? Za chini kabisa dirisha linakaribia maji, na za upande wa tezi, yaani nyuma ya meli, hulala na ngurumo za injini. Je, bei inajumuisha tiketi za kuingia, kiongozi wa watalii, na bakshishi ya wafanyakazi? Mara nyingi haijumuishi moja kati ya hizo. Abu Simbel, hekalu lililo mbali kusini ya Aswan, imo? Kwa kawaida haimo. Usilipe ziada kubwa kwa ajili ya mandhari ya dirishani: bandarini meli hufungwa ubavu kwa ubavu, tatu hata tano, na unaweza kufungua pazia ukakutana na pazia la jirani. Mto utautazama ukiwa juu sitahani.

Kiongozi ana uzito kuliko meli. Omba mwenye leseni, aliyesomea historia ya Misri ya kale, na uliza kundi lake litakuwa la watu wangapi. Wakizidi 15 nusu yenu hamtasikia kitu ndani ya Karnak.

Hatua ya 3: Nyaraka na afya

Viza anza nayo mapema, kupitia ubalozi wa Misri wa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala. Masharti hutofautiana kwa pasipoti, kwa hiyo usitegemee simulizi la ndugu aliyekwenda na pasipoti ya Uingereza au Marekani. Pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 au zaidi. Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwani anayetoka nchi zenye ugonjwa huo hutakiwa kukionyesha, na cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano. Huna haja ya dawa za kuzuia malaria: Shirika la Afya Duniani liliitangaza Misri kuwa haina malaria Oktoba 2024. Kinachowaangusha wasafiri ni tumbo na jua. Kunywa maji ya chupa, beba chumvi za kuongeza maji mwilini, kofia, na viatu vilivyofunika vidole. Soketi zao ni za matundu mawili ya duara, hivyo chaja yenye miguu mitatu ya kwetu itahitaji adapta.

Hatua ya 4: Fika Aswan siku mbili kabla ya meli

Ruka hadi Cairo, kisha unganisha ndege ya ndani. Iko pia treni ya usiku. Ukishuka siku ileile meli inapoondoka utakosa nusu ya Aswan, na Aswan ndiyo sehemu ambayo wengi huipitia mbiombio kisha wakaijutia.

Siku ya kwanza, asubuhi, nenda kwenye mnara usiomalizika, obeliski ambayo haikuwahi kusimamishwa. Umelala machimboni mpaka leo, umeshikamana na mwamba upande wa chini. Ungesimama ungefika karibu mita 42, mrefu kuliko mnara wowote wa aina hiyo tulionao, lakini ulipasuka wakiwa kazini wakauacha. Inama utazame mitaro ya pembeni: granaiti haikukatwa kwa chuma, ilipondwapondwa kwa mipira ya jiwe gumu zaidi iliyoshikwa mkononi, na alama za mapigo zinaonekana safu kwa safu. Chukua nusu saa hapa. Wengi humaliza kwa dakika kumi, na hawajui wanachokiacha.

Kutoka hapo nenda Philae, hekalu la mungu wa kike Isis. Liko kisiwani, unavuka kwa boti, na nauli mpatane kabla hujaingia, kwenda na kurudi pamoja na muda wa kusubiri. Hekalu hili lilikuwa likizama kwa sababu ya mabwawa ya Aswan. Kati ya 1972 na 1980, chini ya kampeni ya UNESCO, lilibomolewa jiwe kwa jiwe na kujengwa upya kwenye kisiwa cha jirani cha Agilkia. Maandishi ya mwisho ya hieroglifu yanayojulikana yaliandikwa Philae mwaka 394 BK. Mwambie kiongozi wako akuonyeshe yalipo kwenye Lango la Hadrian, ujue umesimama mahali ambapo uandishi wa zaidi ya miaka 3,000 ulikoma.

Jioni vuka kwenda ng'ambo ya magharibi, Qubbet el-Hawa, makaburi ya wakuu wa Aswan yaliyochongwa juu ya kilima. Hayamo kwenye ratiba nyingi za meli, nami nayataka uyaone, hasa ukiwa Mwafrika wa kusini ya hapo. Mmoja wa waliozikwa ni Harkhuf, kiongozi wa misafara aliyekwenda mara nne nchi ya Yam, upande wa Nubia, zaidi ya miaka 4,200 iliyopita, na kurudi na ubani, mipingo, ngozi za chui na pembe za ndovu. Safari ya mwisho alikuwa anarudi na mtu mfupi mcheza ngoma. Farao Pepi II, akiwa bado mtoto, aliposikia akamwandikia barua: fanya haraka, uweke watu wa kuaminika wamlinde asianguke majini, usiku wamkague mara kumi. Harkhuf aliiona barua ile ni heshima kubwa hivi kwamba aliichonga mbele ya kaburi lake, na bado ipo. Shughuli zetu na Misri hazikuanza na viwanja vya ndege.

Siku ya pili ni ya Abu Simbel, kiasi cha kilomita 280 kusini. Mabasi huondoka saa 10 alfajiri au kabla, na unarudi mchana. Ni safari ya kuchosha na ninaitetea bila kusita. Ramses II alichonga hekalu ndani ya mlima, na sanamu zake nne langoni zina urefu wa mita 20 hivi. Kati ya 1964 na 1968 mlima huo ulikatwa vipande na kupandishwa mita 65 juu, kukwepa Ziwa Nasser, lililoletwa na bwawa la Aswan. Mara mbili kwa mwaka, karibu na Februari 22 na Oktoba 22, jua la asubuhi hupenya hadi chumba cha ndani kabisa. Tarehe hizo huvuta umati mkubwa. Ukitaka kuitazama michoro kwa utulivu, zikwepe.

Hatua ya 5: Jifunze kusoma hekalu kabla ya kuingia Kom Ombo

Fanya hivi usiku wa kwanza melini, baada ya chakula. Ukijua mambo machache tu kuta zitaacha kuwa mapambo.

Hekalu si nyumba ya ibada ya watu wote. Ni nyumba ya mungu, na mwananchi wa kawaida aliishia uani. Unaingia kati ya minara miwili mipana, unapita ua wa wazi, kisha ukumbi wa nguzo, kisha vyumba vinavyozidi kuwa vidogo. Angalia: kila unapozidi kuingia, sakafu inapanda, dari inashuka, mwanga unapungua. Mwisho wake ni chumba cha giza, makao ya sanamu ya mungu. Nguzo zimechongwa mfano wa mafunjo na yungiyungi, kwa sababu hekalu ni picha ya siku ya kwanza ya dunia, kilima kikitokeza kwenye kinamasi.

Miungu itambue kwa vichwa. Kipanga ni Horus. Mamba ni Sobek. Kondoo dume ni Khnum, mfinyanzi wa watu. Mbweha ni Anubis, mlinzi wa maiti. Mwenye kiti cha enzi kichwani ni Isis, mwenye pembe za ng'ombe na duara la jua mara nyingi ni Hathor, na mwenye manyoya mawili marefu ni Amun. Jina la mfalme hufungwa ndani ya umbo refu la yai. Ukilikuta tupu, ujue mahekalu ya mwishomwisho yalijengwa katika nyakati ambazo makuhani hawakuwa na uhakika nani ametawala.

Hatua ya 6: Kom Ombo, Edfu na kufuli la Esna

Kom Ombo iko juu kabisa ya ukingo, na meli nyingi hufika jua likikaribia kuzama. Ni hekalu pacha: nusu ya Sobek, nusu ya Horus Mkubwa, kila mmoja na mlango wake na chumba chake cha ndani. Uani kuna kisima cha kupimia kimo cha mto, na kimo hicho ndicho kilichoashiria mavuno, na mavuno yakaamua kodi. Pembeni kuna makumbusho ya mamba waliokaushwa. Usiyapite, tiketi yako huwa inayajumuisha.

Baada ya hapo mto unabanwa na miamba ya Gebel el-Silsila, machimbo ya jiwe la mchanga la karibu mahekalu yote makubwa ya kusini. Meli nyingi hupita hapo usiku. Waulize mapokezi saa ngapi. Ikiwa ni mchana, panda sitahani uone kuta za mlima zilivyokatwa wima kwa makumi ya mita.

Edfu inataka uamke. Teremka mapema, kabla meli zote hazijamwaga watu. Kutoka gatini utapelekwa kwa gari la farasi. Wengine wa farasi hao wamedhoofu, na una haki ya kuomba teksi. Hekalu la Horus lilianzwa mwaka 237 KK na kukamilika 57 KK, chini ya ukoo wa Ptolemaio wenye asili ya Ugiriki. Lilihifadhiwa na mchanga uliolifunika hadi karibu na dari, mpaka mwanaakiolojia Mfaransa Auguste Mariette alipolifukua karne ya 19. Ndiyo maana ni zima kuliko yote. Yale niliyokueleza kuhusu sakafu na dari utayaona hapa bila kuhitaji kuelekezwa, hadi kwenye kijumba cha granaiti alichokaa mungu.

Zunguka ujia wa nje, kati ya hekalu na ukuta wa boma. Upande wa magharibi Horus anamchoma Seth, mungu adui yake, kwa chusa. Seth amechorwa kiboko, tena kiboko mdogo sana, kwa sababu kuchora adui mkubwa ni kumpa nguvu. Kila mwaka sanamu ya Hathor ilitolewa hekaluni kwake Dendera, ikapandishwa mto kwa mashua hadi hapa kukutana na mumewe Horus, na njia nzima ilikuwa sherehe. Nyuso nyingi zimechokolewa; hiyo ni kazi ya Wakristo wa mwanzo, walioogopa kwamba sanamu zinaona.

Esna kuna kufuli la maji, chumba chenye milango cha kupandishia na kushushia meli, na meli hupanga foleni. Wauzaji huja na mashua ndogo, wakirusha vitambaa na kanzu hadi sitahani ndani ya mifuko. Kama hununui, usikishike kitu. Mrudishie mfuko ulivyo. Ratiba yako ikiruhusu kushuka, ona ukumbi wa hekalu la Khnum. Usafishaji wa miaka ya karibuni umeondoa masizi ya karne nyingi, na dari yenye nyota imerudi na rangi zake.

Hatua ya 7: Luxor, na usiiache kwa asubuhi moja

Ratiba ya meli hukimbiza Bonde la Wafalme, hekalu la Hatshepsut (mwanamke aliyekuwa farao) na Karnak ndani ya siku moja. Kataa. Teremka, lala Luxor usiku mbili.

Siku ya kwanza iwe ya ng'ambo ya magharibi, upande wa jua kuzama na wa wafu. Uwe langoni mwa Bonde la Wafalme saa 12 asubuhi, linapofunguliwa. Tiketi ya kawaida hukupa makaburi matatu kati ya yaliyo wazi siku hiyo; Tutankhamun, Seti I na Ramses VI hulipiwa mbali. Ushauri wangu: Ramses VI lipia bila kufikiri, maana dari yake ina mwili wa Nut, mungu wa mbingu, akilimeza jua jioni na kulizaa asubuhi. Seti I ni ghali na ndilo zuri kuliko yote; mwenye uwezo aingie. La Tutankhamun ni dogo na hazina zake haziko pale. Umuhimu wake ni kwamba maiti yake bado imo, tangu mwanaakiolojia Mwingereza Howard Carter alipolifikia Novemba 1922. Kwa tiketi ya kawaida tafuta Ramses III, Merenptah au Thutmose III, ila hilo la mwisho lina ngazi za kupanda na kushuka, halimfai mwenye magoti mabovu.

Viongozi hawaruhusiwi kutoa maelezo ndani, kwa hiyo msikilize wako nje, kisha ingia ukijua unatafuta nini: mashua. Ukutani jua linasafiri kwa mashua saa kumi na mbili za usiku, likipita malango na nyoka, na farao amo ndani yake. Simu ni ruhusa kupiga picha, mwako wa kamera ni marufuku. Mlinzi akikuita pembeni kukuonyesha kitu cha siri, mshukuru uendelee. Anatafuta bakshishi, na wakati mwingine atakuacha uguse mahali pasipofaa kuguswa.

Kisha hekalu la Hatshepsut, Deir el-Bahari. Watu hupanda juu moja kwa moja. Wewe anza chini, kwenye baraza ya kusini: kuna mchoro wa chombo kikubwa kimebeba minara miwili ya granaiti kutoka Aswan, kikivutwa na kundi la mashua za makasia. Ni njia uliyopita. Baraza ya katikati ina safari ya Punt, nchi ya manemane ambayo wataalamu wengi huiweka upande wa Eritrea na Pembe ya Afrika: nyumba za nguzo, nyani, miti ya manemane ikibebwa na mizizi yake, samaki wa Bahari ya Shamu waliochorwa kwa uangalifu hadi aina zao hutambulika.

Mchana, ukiwa na nguvu, ongeza Deir el-Medina, kijiji cha mafundi waliochimba makaburi ya wafalme. Mwaka wa 29 wa Ramses III mgao wao wa nafaka ulichelewa, wakaweka zana chini na kwenda kuketi kwenye mahekalu hadi walipwe. Ndio mgomo wa kwanza duniani tulio na maandishi yake. Makaburi yao wenyewe ni madogo, na rangi zake ni kama zimepakwa jana. Kaburi la Nefertari, mke wa Ramses II, hufungwa mara kwa mara kwa uhifadhi. Uliza, na likiwa wazi jitayarishe kulipa sana kwa dakika chache.

Siku ya pili, Karnak, tena mapema. Ukumbi mkuu una nguzo 134, na zile 12 za katikati zina urefu wa mita 21. Pita katikati haraka, halafu rudi polepole kwa pembeni, ambako makundi hayaendi. Mnara wa Hatshepsut bado umesimama, karibu mita 30 za jiwe moja la Aswan. Jioni ingia hekalu la Luxor taa zikiwashwa. Barabara ya Sfinksi ya karibu kilomita 2.7, iliyofunguliwa upya Novemba 2021, inaunganisha mahekalu haya mawili, na unaweza kuitembea. Langoni mwa hekalu la Luxor umesimama mnara mmoja. Mwenzake umesimama Paris tangu 1836. Juu ya magofu, ndani ya hekalu hilohilo, uko msikiti wa Abu Haggag, na watu wanaswali humo hadi leo.

Hatua ya 8: Fedha na mavazi

Vituo vingi vya serikali sasa hupokea kadi tu, hivyo iarifu benki yako kabla ya kuondoka na uwe na kadi ya pili. Fedha taslimu ni za bakshishi, chai na manunuzi. Chenji ndogondogo za pauni ya Misri ziwe nyingi kuliko noti kubwa. Bakshishi ya wafanyakazi wa meli hutiwa kwenye bahasha siku ya mwisho, na ya kiongozi mpe mkononi. Sokoni kupatana bei ni desturi: taja chini ya nusu, tabasamu, na kama hutaki kununua usitaje bei kabisa.

Mabega na magoti yafunikwe mjini na misikitini. Juu ya sitaha una uhuru zaidi.

Ukirudi kupitia Cairo, bakiza siku moja kwa ajili ya Makumbusho Makuu ya Misri karibu na mapiramidi ya Giza, yaliyozinduliwa rasmi Novemba 2025. Hazina za Tutankhamun ziko huko. Tiketi inunue mtandaoni kabla hujafika, na uchague saa ya asubuhi.